Tathmini: Namna Emacs Inavyolinda Faili Zake za Chanzo, na Mahali Inapoziacha Wazi

Kihariri matini cha GNU Emacs kina tabia isiyo ya kawaida miongoni mwa programu tunazotumia kila siku. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya Emacs Lisp, na msimbo huo haujafichwa popote, bali umelala kwenye diski ya mtumiaji katika faili zaidi ya elfu moja zinazosomeka na zinazoweza kufunguliwa wakati programu yenyewe inaendelea kufanya kazi. Mtu akitaka kujua amri fulani inafanya nini, hubonyeza C-h f (C ni kitufe cha Ctrl, na M utakayoikuta mbele ni Alt), huandika jina la amri, kisha hubonyeza Enter juu ya jina la faili lililotajwa kwenye maelezo, na papo hapo anajikuta kwenye mstari ambako amri hiyo imeandikwa. Kwa mwanafunzi wa uprogramu hakuna maktaba iliyo karibu kuliko hiyo, tena haihitaji bando. Lakini bafa inayofunguka hapo, yaani nafasi ambamo Emacs huweka maandishi ya faili iliyofunguliwa, ni bafa ya kawaida ya kuhariri. Herufi itakayoguswa itaingia, na C-x C-s itaiandika kwenye diski endapo ruhusa za faili zinakubali.

Tathmini hii inahusu jambo hilo peke yake, yaani zana ambazo Emacs inampa mtumiaji ili faili zake za ndani zisibadilishwe kwa bahati mbaya. Nimezipima nikiwa na macho ya mtu anayefundisha vijana uprogramu katika chumba kimoja cha kompyuta huku Nyegezi, Mwanza, ambako mashine nyingi ni za mitumba, akaunti moja hutumiwa na watu kadhaa, na kupakua kitu upya ni gharama inayofikiriwa mara mbili.

Kwanza ieleweke ni nani aliye hatarini, maana si kila mtu. Aliyesakinisha Emacs kwenye Ubuntu au Debian kwa njia ya apt anakuta faili za chanzo chini ya /usr/share/emacs, zikiwa mali ya mtumiaji mkuu wa mfumo, kutoka kwenye kifurushi cha pekee kiitwacho emacs-el. Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuziandika, na Emacs, ikiona hivyo, hufungua bafa katika hali ya kusoma tu na kuonyesha alama mbili za asilimia kwenye mstari wa hali chini ya dirisha. Huyo amelindwa, ingawa aliyemlinda ni mfumo endeshi na si Emacs. Walio wazi ni wengine. Kuna mwenye Windows aliyefungua faili ya zip ya Emacs ndani ya folda yake mwenyewe. Kuna aliyeikompaili kutoka kwenye chanzo na kuielekeza ndani ya folda yake ya nyumbani. Kuna anayeendesha Emacs akiwa mtumiaji mkuu kwa sababu amechoka kuulizwa nywila. Na bila kujali mfumo endeshi, kila mmoja wetu yuko wazi kwa upande wa vifurushi vya ziada, kwa kuwa hivyo huwekwa ndani ya folda ya ~/.emacs.d/elpa, ambayo ni mali ya mtumiaji kwa asilimia mia.

Hapa kwetu makundi hayo si madogo. Mwanafunzi asiye na nywila ya msimamizi wa mashine hubeba Emacs yake kwenye flashi au huifungua ndani ya folda ya nyaraka zake, na kuanzia hapo faili za kihariri zina ruhusa zilezile za kazi zake za darasani. Nisingependa aache kufanya hivyo, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyo nayo, lakini ni lazima ajue kwamba ile kinga ambayo vitabu vya mafunzo huichukulia kuwa ipo, kwake haipo.

Swali linalofuata ni kama madhara yake yanastahili kuandikiwa tathmini. Kwa maoni yangu yanastahili, na sababu ni kwamba kosa la aina hii halijitokezi pale linapotendeka. Emacs haisomi faili ya chanzo moja kwa moja ikiwa kuna nakala iliyokompailiwa. Kando ya faili yenye kiambishi .el kwa kawaida kuna nyingine yenye kiambishi .elc, na hiyo ndiyo inayopakiwa. Mpangilio uitwao load-prefer-newer, ambao ungeilazimisha Emacs kuchagua iliyo mpya zaidi kati ya hizo mbili, huwa umezimwa mpaka mtumiaji auwashe. Kwa hiyo mtu akiingiza herufi moja katikati ya faili ya .el na kuihifadhi, Emacs itaendelea kutumia ile ya .elc iliyokuwapo tangu awali, na kila kitu kitakwenda sawa kama vile hakuna kilichotokea. Kuna onyo dogo linalopita chini ya skrini likieleza kwamba chanzo ni kipya kuliko faili iliyokompailiwa na kwamba inatumiwa ya zamani, lakini onyo hilo hupita katikati ya ujumbe mwingine wa wakati wa kuwasha, na sijaona mwanafunzi anayelisoma.

Faili za msingi kabisa, kama simple.el na files.el, zina hali ya ajabu zaidi, kwa sababu yaliyomo ndani yake yamekwisha kupakiwa ndani ya taswira ya programu wakati Emacs inajengwa. Kuziharibu hakuna athari yoyote kwenye kazi ya siku hiyo, wala ya kesho yake. Kinachoharibika ni maelezo: anayebonyeza C-h f anasoma chanzo ambacho si kile kinachoendeshwa, na anaweza kutumia jioni nzima akijiuliza kwa nini fankisheni anayoiona haifanyi anachokisoma. Kwa mwalimu hilo ni baya kuliko programu kugoma, maana programu iliyogoma angalau inajitangaza.

Mambo hubadilika tena kwenye Emacs zilizojengwa na uwezo wa kukompaili hadi msimbo wa mashine, uwezo ulioingia rasmi katika toleo la 28 mwaka 2022. Huko jina la faili inayozalishwa hubeba alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya chanzo, hivyo chanzo kikibadilika hata kwa nukta, faili ya zamani hailingani nacho tena. Anayetumia toleo la namna hiyo asitegemee usingizi mrefu niliouelezea hapo juu.

Mfano wa usingizi huo ulitokea chumbani kwetu. Kijana aliniita akasema, “Shikamoo mwalimu, Org imegoma, na wallahi sijagusa kitu.” Org ni kifurushi cha Emacs cha kuandikia maelezo na mipango. Alikuwa anasema kweli kwa upande wake, kwani aliyegusa alikuwa mwenzake aliyetangulia kutumia akaunti hiyohiyo, na mguso wenyewe ulikuwa mabano moja iliyofutwa katika kifurushi kilichowekwa kutoka ELPA, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya Emacs. Faili ya .elc iliendelea kuficha kasoro hiyo mpaka siku kijana alipoendesha package-recompile, amri iliyoongezwa katika toleo la 29 la mwaka 2023, ambayo hufuta kwanza faili za .elc za kifurushi kabla ya kuzikompaili upya. Nakala nzuri ikafutwa, nakala mbovu ikashindwa kukompailiwa, na kilichobaki kwenye skrini ni ujumbe kwamba faili imefika mwisho kabla ya maelezo kukamilika. Kati ya chanzo cha tatizo na dalili yake kulikuwa na watu wawili na muda wa kutosha kwa wote wawili kusahau.

Ipo pia hali ambayo mkono wa mtu haujagusa herufi yoyote. Watumiaji wengi wa Emacs wameweka mpangilio unaofuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari kila faili inapohifadhiwa. Mtu akiwa na mazoea ya kubonyeza C-x C-s kila anapovuta pumzi, na wengi wetu tunayo kwa sababu ya umeme usiotabirika, anachohitaji ni herufi moja tu iliyoingia kimakosa ili faili nzima ya mistari maelfu isafishwe nafasi zake na kuandikwa upya. Baadaye ukilinganisha faili hiyo na ya asili, unapata tofauti nyingi zisizo na maana, na ile moja yenye maana imezama katikati yake.

Sasa nizungumzie zana zenyewe, nikianza na ile ambayo kila mtu huianzia. C-x C-q hugeuza bafa kuwa ya kusoma tu na kuirudisha, na C-x C-r hufungua faili ikiwa tayari katika hali hiyo. Zote mbili zinafanya kazi bila dosari. Ukibonyeza herufi, Emacs hukataa na kukuambia kwamba bafa ni ya kusoma tu, na hakuna kinachoingia. Udhaifu wake ni kwamba zinamtegemea mtu akumbuke, na mtu anayekumbuka kujilinda si yule anayeharibu faili kwa bahati mbaya. Isitoshe, njia ya C-h f haipiti C-x C-r; inafungua faili kwa namna yake. Kwa sababu hiyo nazihesabu kuwa zana nzuri kwa kazi nyingine.

View mode ni ndugu yake aliyechangamka zaidi. Ndani yake kitufe cha nafasi husogeza ukurasa mbele, kile cha kufutia hurudisha nyuma, s hutafuta, na q hutoka. Kwa kusoma msimbo mrefu inapendeza kuliko hali ya kawaida ya kusoma tu, na mpangilio uitwao view-read-only ukiwashwa, faili zinazofunguliwa kwa kusoma tu huingia humo zenyewe. Nimeuwasha kwenye mashine zote za chumba na sina lalamiko. Tahadhari moja tu: mwanafunzi mgeni anayebonyeza e bila kukusudia hutoka kwenye hali hiyo, na kama bafa haikuwa ya kusoma tu kabla yake, ataanza kuandika bila kujua.

Kundi la tatu ni ruhusa za faili kwenye diski. Ushauri unaosikika sana ni kuendesha chmod na kuondoa haki ya kuandika kwenye folda nzima ya chanzo. Kwa aliye mmiliki wa faili, ulinzi huu ni hafifu kuliko unavyoonekana, kwa sababu mtu akizima hali ya kusoma tu na kuhifadhi, Emacs humuuliza kama ajaribu kuandika ingawa faili imezuiwa, na akikubali, inaweza kuibadilisha ruhusa yenyewe kwa muda ili kazi ikamilike. Ni kufuli lenye ufunguo wake ukining'inia pembeni. Hata hivyo swali lile lina thamani, maana linamlazimisha mtu asome kabla ya kujibu, na kwa programu nyingine zisizo Emacs kufuli hilo linasimama imara zaidi. Kwenye Linux kuna chattr +i, ambayo huifanya faili isibadilishwe hata na mmiliki wake mpaka mtumiaji mkuu aondoe alama hiyo. Kwenye folda ya vifurushi siipendekezi hata kidogo, kwa kuwa itazuia kusasisha na utatumia muda mrefu kuelewa kwa nini.

Niongeze kwamba faili za chanzo zilizobanwa, zile zenye mwisho wa .el.gz, hazina kinga yoyote itokanayo na kubanwa. Emacs huzifungua na kuzibana tena yenyewe wakati wa kuhifadhi, bila kumuuliza mtu. Nimesikia watu wakiziamini kwa sababu tu zimebanwa.

Zana ya nne ni orodha ya kazi zinazoendeshwa baada ya Emacs kukupeleka kwenye chanzo cha fankisheni, iitwayo find-function-after-hook. Ukiongeza view-mode kwenye orodha hiyo, kila ukifuata kiungo kutoka kwenye maelezo ya C-h f, unafika ukiwa tayari umefungwa mikono. Ni mstari mmoja wa mipangilio na unafaa sana kwa mwanafunzi, kwa kuwa hiyo ndiyo njia anayoipita zaidi. Lakini haizibi njia zote. Anayeruka kwa M-., amri inayokupeleka mahali jina lilipoandikwa, hapiti kwenye orodha hiyo, wala anayefungua faili kwa C-x C-f, wala anayeipata kupitia Dired, orodha ya faili iliyomo ndani ya Emacs. Nilipoijaribu mbele ya wanafunzi wazoefu, ambao M-. imo vidoleni mwao, ilikuwa kama haipo.

Zana ninayoipa nafasi ya kwanza ni ile inayotegemea mahali faili ilipo, na si njia iliyotumika kuifikia. Emacs ina utaratibu wa kuweka mipangilio kwa folda nzima, na wengi wanaufahamu kupitia faili ya .dir-locals.el inayowekwa ndani ya mradi. Kisichofahamika sana ni kwamba utaratibu huo unaweza kutumika bila kuweka faili yoyote ndani ya folda husika: unatangaza kundi la mipangilio ndani ya faili yako ya kuanzia (ile ambayo Emacs huisoma inapowashwa), kisha unalifunga kundi hilo kwenye folda unayoitaka. Haya ndiyo maandishi yaliyomo kwenye mashine zetu:

(dir-locals-set-class-variables
 'chanzo-cha-emacs
 '((nil . ((buffer-read-only . t)))))

(dir-locals-set-directory-class
 (file-name-directory (locate-library "simple"))
 'chanzo-cha-emacs)

Neno nil la ndani lina maana kwamba mpangilio uhusu faili za aina zote, na si za Lisp peke yake. Sehemu ya mwisho inaiuliza Emacs yenyewe mahali ilipo simple, badala ya kuandika njia ya folda kwa mkono. Hilo nimelifanya kwa makusudi, kwa sababu njia ya folda hubeba namba ya toleo. Ukiiandika kwa mkono, siku Emacs inaposasishwa ulinzi wako unabaki ukilinda folda ambayo haipo tena, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia hivyo.

Baada ya hapo haijalishi faili imefikiwa kwa C-h f, kwa M-., kwa C-x C-f au kwa Dired. Ikiwa iko chini ya folda hiyo, inafunguka ikiwa ya kusoma tu. Emacs pia haimuulizi mtumiaji kama anauamini mpangilio huo, kwa kuwa buffer-read-only imo kwenye orodha ya mipangilio inayohesabiwa kuwa salama. Anayetaka kweli kubadilisha kitu anabonyeza C-x C-q na kuendelea. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa ulinzi wa namna hii: umzuie asiyekusudia na usimsumbue anayekusudia, na zana hii inakipita kipimo hicho kwa pande zote mbili.

Ina mipaka yake. Aliyezima mipangilio yote ya faili na folda kwa kuweka enable-local-variables kuwa nil, jambo ambalo baadhi ya watu hulifanya kwa sababu za usalama, atakuwa ameuzima na ulinzi huu. Anayefikia folda ya Emacs kupitia kiungo cha jina jingine kwenye diski anaweza kuupita pembeni, maana Emacs hulinganisha njia kama ilivyoandikwa. Na folda ya vifurushi sijaifunga kwa utaratibu huu. Folda ile ni mahali pa kazi pa msimamizi wa vifurushi, ambaye huandika na kufuta humo kila unaposakinisha kitu, na sioni busara ya kumwekea vizuizi anayefanya kazi yake halali. Kwa vifurushi naridhika na find-function-after-hook, pamoja na load-prefer-newer ikiwa imewashwa, ili kosa likitokea lionekane mapema badala ya kulala.

Nimeulizwa kama kuzifunga faili hizi hakumnyimi mwanafunzi nafasi ya kujaribu. Hapana, na hapa Emacs inastahili sifa ya dhati. Ndani ya bafa ya kusoma tu bado unaweza kuweka kiteuzi juu ya fankisheni na kubonyeza C-M-x, nayo itatathminiwa upya. Bado unaweza kuiendesha hatua kwa hatua kwa Edebug ukitanguliza C-u. Vitendo hivyo havigusi maandishi ya faili. Anayetaka kubadilisha mwenendo wa amri iliyojengewa ndani ananakili fankisheni hiyo kwenye bafa ya *scratch*, anaichezea huko, na akiridhika anaandika badiliko lake kwenye faili yake ya kuanzia kwa kutumia advice-add. Njia hiyo ni bora hata kama faili ya chanzo isingefungwa, kwa sababu kifurushi kikisasishwa, toleo jipya huwekwa kwenye folda mpya na ile ya zamani hufutwa pamoja na kila ulichokihariri ndani yake. Badiliko lililo kwenye faili yako ya kuanzia linabaki.

Vihariri vingine nitavigusa kwa kifupi. Vim ina hali mbili, na mara nyingi huchanganywa: readonly inakuacha uandike kwenye bafa na inakuonya, kisha inadai alama ya mshangao wakati wa kuhifadhi, nomodifiable ndiyo inayokataa kabisa herufi isiingie. Anayetaka ulinzi kama niliouelezea atumie ya pili, akiifunga kwenye $VIMRUNTIME, folda ya faili za ndani za Vim, kwa autocmd, yaani amri inayojiendesha yenyewe. Visual Studio Code ilipata mwaka 2023 mpangilio uitwao files.readonlyInclude, unaopokea mifano ya njia za faili na kuzifunga zote, na kwa urahisi wa kuuelewa unaishinda Emacs, kwani mtu anajaza kisanduku bila kuandika hata mabano moja. Ila huko mtumiaji hana desturi ya kufungua matumbo ya kihariri chake kila siku, na hitaji lenyewe ni dogo.

Kinachoniudhi kuhusu Emacs ni kwamba vipande vyote vipo, vimeandikwa vizuri, na vimeelezwa kwenye mwongozo wake, lakini havijaunganishwa. Programu inayojua folda yake ya ndani iko wapi, na inayojua kwamba umefika humo kwa kufuata kiungo cha maelezo na si kwa nia ya kuhariri, ingeweza kuifungua bafa hiyo kwa kusoma tu tangu mwanzo bila kumkera yeyote. Wenye uzoefu watajibu kwamba Emacs haimchagulii mtumiaji. Nalielewa jibu hilo, na katika mambo mengine nalitetea. Lakini mwanafunzi wa wiki ya kwanza hajachagua kuhariri simple.el, na kumwachia wazi hakumwongezei uhuru anaoujua. Kwa jinsi inavyotoka kwenye kifurushi, naipa Emacs alama nne kwa kumi katika kipengele hiki. Ikiwa na mistari ile michache niliyoionyesha, naipa tisa, na ile moja naibakiza kwa ajili ya folda ya vifurushi.

Kwa anayesimamia chumba cha kompyuta chenye watumiaji wengi, pendekezo langu ni kuweka mistari hiyo kwenye faili ya site-start.el, ambayo husomwa kabla ya faili ya mtumiaji, ili kila akaunti ifunguke ikiwa imelindwa bila kumtegemea mwanafunzi. Kwa mwenye Emacs kwenye flashi, mistari iingie kwenye faili yake ya kuanzia, na ahakikishe hajazima nakala za akiba. Najua wengi huzizima kwa kuchukizwa na faili zenye alama ya wimbi zinazojaa kwenye folda, lakini nakala hiyo hutengenezwa mara ya kwanza bafa inapohifadhiwa, kwa hiyo hubeba faili kama ilivyokuwa kabla ya kuguswa, na kuirudisha hakugharimu hata senti ya bando. Ikiwa nakala haipo na kilichoharibika ni kifurushi, package-reinstall itakipakua upya.

Anayeshuku kwamba mashine yake imekwisha guswa anaweza kuhakikisha kabla ya kuweka ulinzi wowote. Kwenye Debian na Ubuntu aendeshe dpkg --verify emacs-el, ambayo hulinganisha kila faili na alama iliyohifadhiwa wakati wa kusakinisha. Faili iliyobadilika huorodheshwa kwa jina ikiwa na tarakimu ya tano (5) kati ya alama zilizo mwanzoni mwa mstari wake, na isiporudisha mstari wowote, faili zote ziko kama zilivyotoka kwenye kifurushi. Kwenye Windows njia rahisi ni kufungua ile zip ya awali kwenye folda nyingine na kulinganisha folda mbili hizo za lisp kwa amri ya ediff-directories, baada ya kuiweka ile ya asili katika hali ya kusoma tu.